Mwaitu, Moyo Umekaaje?

Septemba 2023, katika Bustani ya Uhuru jijini Nairobi, Rais William Ruto alizindua kazi ya wahamasishaji wa afya ya jamii wapatao 100,000. Kila mmoja alitengewa mkoba. Ndani yake mna kipimajoto, mashine ya presha, kifaa cha kupima sukari, mizani, utepe wa kuzungushia mkono wa mtoto ili kujua kama amedhoofika, na simu ya kunakili matokeo. Mikoba hiyo imefika hadi kwetu Zombe, upande wa mashariki wa Kaunti ya Kitui, ambako CHP, kama tunavyowaita wahamasishaji hao, hutoka boma moja hadi jingine kwa miguu, jua likiwa utosini. Posho yao ni shilingi 5,000 kwa mwezi, serikali ya kitaifa ikitoa nusu na kaunti nusu.

Kila kilichomo mkobani humo hupima mwili. Kwa yaliyo moyoni hakuna kifaa, pana swali tu. Na swali hilo, kwa jinsi linavyoulizwa katika vituo vyetu vingi vya afya, limenikera kwa muda mrefu. Linaulizwa kwa Kiswahili, lakini limefikiriwa kwa Kiingereza. Mama wa Zombe akilijibu, mara nyingi hajibu kile ambacho daktari alitaka kujua, na anarudi nyumbani na mzigo ule ule aliokuja nao.

Kitenzi kinachobeba swali hilo kwa Kiingereza ni feel. Mwingereza hukitumia kutwa kucha. Akipapasa kitambaa dukani ni hicho, akiwa na baridi ni hicho, akitoa maoni mkutanoni ni hicho, na akiwa na huzuni au mapenzi ni hicho hicho. Mara zote anayetenda ni yeye mwenyewe. Huzuni ni yake, yuko nayo, na ukimuuliza anaweza kukupimia: kidogo, kiasi, sana. Mtu aliyelelewa katika lugha hiyo haoni ugumu wowote kuulizwa na mtu asiyemjua hisia zake za wiki mbili zilizopita, akachagua jibu moja kati ya manne.

Fomu inayotumika sana duniani kuutambua ugonjwa wa sonona, ule ambao vijana wetu huuita depresheni, imejengwa hivyo. Inaitwa PHQ-9. Iliundwa Marekani mwishoni mwa miaka ya 1990 na Robert Spitzer, Janet Williams na Kurt Kroenke. Ina maswali tisa kuhusu wiki mbili zilizopita, na kila swali lina majibu manne, kuanzia hapana kabisa hadi karibu kila siku. Alama zikijumlishwa huwa kati ya 0 na 27. Sina ugomvi na fomu yenyewe. Mwaka 2009 watafiti walichapisha matokeo yake miongoni mwa watu wanaoishi na virusi vya Ukimwi magharibi mwa Kenya, na ilionekana inafaa. Ni fupi, haina gharama, na imeokoa watu. Ninachogomba nacho ni namna inavyomfikia mgonjwa.

Kwa Kiswahili swali huja hivi: "Unajisikiaje?" Au: "Ni mara ngapi umejihisi huna furaha?" Muulize mzee yeyote wa Pwani maana ya mtu anayejisikia, atakwambia ni mtu wa maringo, anayejiona. Na kuhisi kuna shaka ndani yake: nahisi kuna mtu nje, nahisi ni yeye aliyechukua. Najua maneno haya yamepanuka, na lugha hai haifungwi kamba. Kijana wa Kitui mjini akisema anajisikia vibaya anaeleweka na hakuna wa kumsahihisha. Lakini tazama tunakoelekea. Siku hizi katika kila warsha mshiriki anaambiwa ajisikie huru kuuliza, na mgeni anayeingia nyumbani anaambiwa ajisikie nyumbani, katika nchi ambayo watu wake wamekuwa wakiambiana "karibu, hapa ni kwenu" tangu zamani, na mgeni akavua viatu na kuketi.

Kiswahili kina njia zake, na ni nyingi. Mtu huona haya, huona uchungu, huona wivu, huona fahari. Husikia njaa, husikia baridi, husikia maumivu. Hasira humpanda, hofu humwingia, aibu humshika, huzuni humjaa, usingizi humchukua. Roho humpaa, moyo humdunda, tumaini humkatikia. Katika maneno haya mengi anayetenda si mtu. Huzuni ndiyo inayotembea, inafika, inaingia, inakaa, na siku moja Mungu akijalia inaondoka. Mtu ndiye mwenyeji wake.

Kikamba kimeshikana na Kiswahili katika jambo hili. Kitenzi kwĩw'a ni kusikia kwa sikio, na ndicho hicho kinachobeba maumivu, njaa na aibu. Mtu husikia woo, husikia nzaa, husikia nthonĩ. Huzuni ni kyeva. Moyo ni ngoo, na humo ndimo mambo hukaa. Na kuna kũsũanĩa mũno, kuwaza mno, ambako kila mwanamke wa kwetu anakujua hata kama hajawahi kusikia jina la ugonjwa wowote wa akili.

Sisemi kwamba Mkamba au Mswahili ana moyo wa aina nyingine. Mwanamke wa London akifiwa na mwanawe huumia jinsi anavyoumia wa Zombe. Ninachosema ni kwamba kitu kinachokuja kina kilikotoka na kina siku kilipofika, na watu wanaosema hivyo huulizana hivyo. Jirani akimwona mwenzake ameinama hamuulizi anajisikiaje. Humuuliza: "Una nini?" "Umepatwa na nini?" "Umeanza lini kukaa hivi?" Hayo ni maswali ya uchunguzi kamili wa afya, na yamekuwa yakiulizwa vizingitini mwetu kabla ya zahanati ya kwanza kujengwa.

Nilipata kuliona hilo kwa macho. Nilikuwa nimemsindikiza jamaa yangu katika kituo kimoja cha afya, siku ambayo vyumba vilijaa na wagonjwa wakawa wanahojiwa kwenye benchi la baraza. Mama mmoja wa makamo, aliyeniruhusu baadaye nisimulie bila kumtaja, alikuwa amekuja kwa ajili ya kichwa. Alikuwa amekwisha kunywa Panadol za duka kwa wiki kadhaa. Muuguzi, kijana mpole, alitoa fomu akaanza, akimwita mwaitu, yaani mama.

"Mwaitu, katika wiki mbili zilizopita, ni mara ngapi umejihisi huna furaha au umekata tamaa?"

Mama alimtazama kwa muda. "Hapana," akasema.

Kalamu ikaandika sufuri. Swali la kupungua hamu ya kufanya mambo likapata hapana jingine, kwa sababu mama aliona anaulizwa kama amekuwa mvivu, na yeye huamka kabla ya jogoo. Walipofika pale fomu inapouliza kama mtu hushindwa kutuliza akili, kwa mfano anaposoma gazeti au kutazama televisheni, mama alisema gazeti hasomi na televisheni ni ya jirani. Kalamu ikasita.

Kijana aliiweka fomu mapajani. Akageukia Kikamba, akamuuliza kama ambavyo angemuuliza shangazi yake: moyo umekaaje, na kuwaza huku kulianza lini. Mama alishika ncha ya leso yake, akaikunja, akaikunjua. Kisha akaanza. Kulianza ng'ombe wa mwisho alipokufa. Mume alishuka Mombasa kutafuta kibarua, mwanzoni akipiga simu kila Jumapili, kisha akanyamaza. Usiku analala macho akihesabu mabati. Chakula anakipika, watoto wanakula, yeye tonge halipiti. Akikaa peke yake anajiambia kuwa mama mwingine angejua la kufanya, yeye hajui. Na kichwa kinawaka moto.

Hakuulizwa habari za usingizi, wala hamu ya kula, wala kujiona hafai. Alizitoa zote mwenyewe kwa pumzi moja. Kijana aliichukua ile fomu tena, akafuta sufuri zake, akaijaza upya. Ilikuwa fomu ile ile, na mgonjwa alikuwa yule yule.

Kijana yule hakufunzwa hilo chuoni. Wauguzi na maafisa wa kliniki wa nchi hii hufunzwa ugonjwa kwa Kiingereza, na mitihani yao ni ya Kiingereza. Mkamba aliyesomea kazi hiyo hurudi kwao akiwa anaujua moyo wa mwanadamu kwa lugha ambayo mgonjwa wake haisemi, kisha anatakiwa atafsiri papo hapo, foleni ikiwa imefika getini. Huyu alikuwa na akili ya kuiacha fomu kwa dakika kumi. Je, kesho akihamishwa, akaja mwingine kutoka kaunti nyingine asiyekijua Kikamba, ambaye Kiswahili chake mwenyewe ni cha kutafsiri? Afya imekuwa mikononi mwa kaunti tangu ugatuzi uanze mwaka 2013. Kitui haiwezi kuiachia bahati iamue kama mgonjwa ataulizwa swali linaloeleweka.

Kuna historia chungu nyuma ya jambo hili, na kila Mkenya anapaswa kuijua. Hospitali ya Mathari ilifunguliwa mwaka 1910 kama nyumba ya wenye wazimu. Kuanzia 1938 hadi 1950 iliongozwa na daktari aitwaye John Colin Carothers. Mwaka 1953 Shirika la Afya Duniani lilichapisha kitabu chake kuhusu akili ya Mwafrika, ambamo alidai kuwa sonona ni nadra sana miongoni mwa Waafrika. Katika maandishi yake alifika hata kumfananisha Mwafrika na Mzungu aliyefanyiwa upasuaji wa sehemu ya mbele ya ubongo. Mwaka uliofuata serikali ya kikoloni ilichapisha kijitabu chake kuhusu saikolojia ya Mau Mau. Maneno ya mtu huyu yalisomwa na madaktari wa dunia nzima kama elimu.

Aliwahesabu nani? Aliwahesabu walioletwa Mathari, na walioletwa Mathari walikuwa wale waliowasumbua wengine: aliyepiga watu, aliyetembea uchi barabarani, aliyemtukana mkuu wa wilaya. Mwanamke wa Kitui aliyekuwa amelala akitazama ukuta, tonge halimpiti, hakumsumbua mtu yeyote serikalini. Hakuna polisi aliyetumwa kumchukua. Kwa hiyo hakuwapo kitabuni, na kutokuwapo kwake kukawa ushahidi kwamba Mwafrika hana huzuni ya kina. Kila nikikumbuka hilo hasira hunipanda upya.

Waliomjibu Carothers kwa vitendo ni watu waliokwenda vijijini wakauliza. Mwaka 1979 John Orley na John Wing walichapisha utafiti wa vijiji viwili vya Uganda, wakilinganisha na wanawake wa Camberwell, London. Waganda walionekana kuwa na sonona zaidi ya wale wa London. Ilikuwapo siku zote.

Uganda ikaendelea mbele zaidi. Paul Bolton na wenzake walipotaka kutibu sonona huko Masaka na Rakai mwanzoni mwa miaka ya 2000, walianza kwa kuwauliza wanakijiji wenyewe ni shida gani zinawapata, na wanaziitaje. Walipata majina ya Kiluganda, mojawapo okwekyawa, yaani kujichukia. Wakayatumia hayo kuwatambua wagonjwa, wakaunda vikundi vya kukutana kila wiki katika nusu ya vijiji 30 vilivyokuwa kwenye utafiti, na matokeo yaliyotoka mwaka 2003 yalionyesha kuwa walioingia vikundini walipata nafuu kubwa kuliko wasioingia. Walioendesha vikundi hivyo hawakuwa madaktari. Walikuwa watu wa kule kule, waliofunzwa kwa muda mfupi, wanaosema lugha ya waliokuwa wakiwasikiliza.

Zimbabwe, Vikram Patel na wenzake waliunda katika miaka ya 1990 dodoso la maswali 14 kutokana na maneno ya Washona wenyewe, na la kwanza lao ni kufungisisa, kuwaza mno. Msomaji wa Zombe hahitaji kufafanuliwa hapo. Juu ya msingi huo, kuanzia 2006, daktari Dixon Chibanda aliwaweka akina nyanya wa mitaa ya Harare kwenye mabenchi ya mbao nje ya kliniki, wawasikilize watu. Utafiti uliochapishwa mwaka 2016 ulithibitisha kuwa mabenchi hayo hupunguza sonona. Na hapa jirani tu, Dar es Salaam, Sylvia Kaaya wa Muhimbili na wenzake walichapisha mwaka 2008 dodoso la maswali 19 lililotokana na namna watu wa mji ule wanavyoieleza huzuni yao kwa Kiswahili. Kazi hiyo imefanywa kwa lugha yetu hii hii. Hatuna sababu ya kuanzia sufuri.

Makueni nao wamefanya jambo ambalo sisi wa Kitui tungepaswa kulionea wivu. Katika mwongo uliopita, taasisi ya utafiti na mafunzo ya afya ya akili iliyoanzishwa na Profesa David Ndetei wa Chuo Kikuu cha Nairobi iliwafunza wauguzi na maafisa wa kliniki wa zahanati za Makueni kutumia mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa kutibu magonjwa ya akili katika vituo vya kawaida. Kisha ikafanya jambo la busara zaidi: ikawaketisha pamoja wahudumu hao, waganga wa kienyeji na viongozi wa dini, wazungumze juu ya wagonjwa ambao kwa kweli wanawahudumia wote watatu. Kwani mama mwenye kuwaza mno, kabla ya kufika zahanati, amekwisha kupita kanisani akaombewa, na pengine kwa mganga.

Hapa nataka niwe mkweli kuhusu lugha yetu pia, maana wengi wanaoitetea huishia kuisifu tu. Ikiwa huzuni huja kutoka mahali, basi watu watatafuta ilikotoka, na wakikosa mahali watatafuta mtu. Mama aliyejifungua salama, mtoto mzima, mume yupo, chakula kipo, lakini halali na hataki hata kumshika mtoto, akiulizwa "umepatwa na nini?" hana la kujibu. Hakuna ng'ombe aliyekufa. Hapo ndipo jicho huanza kuzunguka: mke mwenza, mama mkwe, jirani aliyekuja kumtazama mtoto. Sonona ya uzazi imevunja nyumba nyingi kwa njia hiyo, na imewatia watu wasio na hatia katika hatari. Kwa hiyo swali la kienyeji linamfungulia mgonjwa kinywa, lakini linahitaji mtu aliyefunzwa kulipokea jibu, ajue kusema: wakati mwingine huingia bila kutumwa na yeyote, kama malaria inavyoingia, na ina dawa.

Na wanaume wetu? Mwanamume wa Zombe akiulizwa anajisikiaje hujibu "niko sawa" hata kama anazama. Tangu utotoni ameambiwa ajikaze. Lakini muulize habari za mgongo, za usingizi, za vidonda vya tumbo, za presha, utaketi naye hadi jioni. Nyuma ya mgongo kuna shamba la ndengu lililokauka. Kati ya mwisho wa 2020 na mwanzo wa 2023 mvua zilikosa msimu baada ya msimu, mara tano mfululizo, na hapo katikati watu walizika mifugo yote waliyokuwa nayo. Juu ya hayo, upande wetu huu una mizozo na wafugaji wa ngamia, ambayo imewafanya wengine walale jicho moja wazi. Fomu haina mahali pa kuandika hayo. Mwanamume huyo akitoka zahanati na dawa za tumbo, anapitia kwa muuza pombe.

Swali la tisa la PHQ-9 ndilo zito kuliko yote. Huuliza kama mtu amewaza kuwa heri afe, au ajidhuru. Hadi majuzi, kifungu cha 226 cha Sheria ya Adhabu kilimhesabu aliyejaribu kujitoa uhai kuwa mhalifu wa kufungwa hadi miaka miwili. Tarehe 9 Januari 2025, Jaji Lawrence Mugambi wa Mahakama Kuu alitamka kuwa kifungu hicho kinakwenda kinyume cha katiba, katika kesi ambayo Tume ya Kitaifa ya Haki za Kibinadamu na chama cha madaktari wa akili walikuwa miongoni mwa walalamishi. Ni hukumu ya kushukuriwa. Lakini kwa miaka mingi watu waliokolewa kifo wakapelekwa kituo cha polisi, na vijiji havisahau upesi. Mama anapoulizwa swali la tisa na mtu mwenye kalamu na karatasi ya serikali, anaiona kalamu kwanza.

Watu wa kwetu wana namna yao ya kulisema jambo hili. Husema: nimechoka. Husema: afadhali nisingeamka. Husema: hawa watoto wangelelewa na nani? CHP aliyezaliwa hapa anayasikia maneno haya na anajua yana uzito gani, iwapo amefunzwa kutoyapita. Akishayasikia, ni lazima aulize waziwazi kama mtu amefikiria kujiua. Wengi huogopa kuuliza wakidhani watampandikizia mtu wazo. Wataalamu wamelichunguza hilo na kuona kwamba kumuuliza mtu hakumsukumi kwenye kifo, na mara nyingi humpa nafasi ya kupumua. Lugha ya nyumbani iwe ya kufungua mlango, na swali la wazi lifuate, kwa sauti ya chini, mbali na foleni.

Nimewasikia wataalamu wakisema kuwa fomu ikichezewa matokeo hayataweza kulinganishwa na ya kaunti au nchi nyingine. Ni hoja ya haki. Lakini madodoso ya Harare na Dar es Salaam hayakuokotwa njiani. Kila moja lililinganishwa na uchunguzi wa kitaalamu ili kuona kama linawapata wagonjwa wa kweli. Hata PHQ-9 yenyewe inaweza kubaki ilivyo kwa ajili ya hesabu, mradi itanguliwe na mazungumzo mafupi ya Kikamba yaliyoandikwa, yaliyojaribiwa, na yanayofundishwa kwa kila mhudumu anayepangiwa kazi Kitui au Makueni, Mkamba na asiye Mkamba. Yawe maswali manne au matano: moyo umekaaje, kuwaza kumeanza lini, usiku unapitaje, tonge linapita, nani anajua. Wayaandike watu wanaoyatumia: akina mama wa mwethya, vikundi vyetu vya kusaidiana, wauguzi wa zahanati, wachungaji, na wale waliowahi kuugua wakapona. Musyi FM na Mbaitu FM zinajua kuongea na watu wa huku kwa lugha yao, na zikipewa kazi ya kuyaeneza zitaifanya vizuri kuliko bango lolote la ukutani.

Na kuna sharti moja ambalo bila hilo heri tusianze. Mtu akishafunuliwa moyo, awe na pa kupelekwa. Kumwambia mgonjwa wa Zombe aende Mathari ni kumwambia asiende. Kumtuma Kitui mjini ni nauli ya mbuzi mzima kwa baadhi ya watu, kwenda na kurudi, na kesho kurudi tena. Mwaka 2020 jopo la kitaifa lililoongozwa na Dkt Frank Njenga lilipendekeza afya ya akili itangazwe kuwa janga la kitaifa, na mwaka 2022 Bunge liliifanyia marekebisho sheria ya afya ya akili. Karatasi zipo. Kinachohitajika katika kila kituo cha afya cha Kitui Mashariki ni muuguzi mmoja aliyefunzwa, dawa za msingi zisizokatika, na chumba chenye mlango unaofungwa, kwa siku moja ya juma inayojulikana na kila mtu sokoni.

Kila mwaka kaunti huita wananchi kutoa maoni kuhusu bajeti kabla mwaka wa fedha haujaanza tarehe 1 Julai. Katika vikao hivyo tumezoea kuomba barabara, mabwawa na vyandarua, na ni haki yetu kuviomba. Safari hii nawasihi watu wa Zombe, wa Mutito na wa Endau wasimame mmoja mmoja, waulize fungu la afya ya akili ni shilingi ngapi, limo katika ukurasa gani, na ni muuguzi yupi atakayekuja nalo.